Yogati haingoji stima

Wapo watu wengi hapa Kitengela wanaoamini kwamba yogati ni kazi ya kiwanda, au ya mtu aliye na friji na mtambo wa kuchomeka ukutani. Si kweli hata kidogo. Kinachogandisha maziwa ni vijidudu, navyo haviombi ila joto la wastani na kuachwa vitulie.

Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilipotumbukia gizani, wenye friji ndio walioanza kuhesabu hasara. Lakini shika barabara ya Namanga, upite Isinya hadi maboma ya Kajiado. Huko akina yeyo, kama Wamaasai wawaitavyo mama zao, wamehifadhi maziwa tangu jadi bila waya wowote. Kibuyu huoshwa, kisha husuguliwa ndani kwa kijinga cha oloirien, yaani mzeituni wa mwituni. Moshi ule hupunguza vijidudu viharibifu na kuacha harufu ambayo mgeni huikunjia pua mara ya kwanza, na mara ya pili akaomba aongezwe. Maziwa hukaa humo siku kadhaa, yakawa kule naoto.

Hapo nina neno, na sitalimeza. Maziwa yakitiwa mabichi, uchachu hauhakikishi kwamba vijidudu vya brusela vimekufa. Nimeambiwa mara nyingi ati kuchemsha huharibu ladha. Basi muulize aliyewahi kuugua brusela, homa ikipanda na kushuka kwa majuma huku viungo vikimuuma, akueleze habari ya ladha!

Kwa hiyo chemsha lita moja ya maziwa hadi yafure, kisha yaache yapoe. Vijidudu vya yogati hupenda nyuzi 40 hadi 45. Huna kipimajoto? Osha kidole vizuri ukitumbukize. Ukiweza kuhesabu pole pole hadi kumi bila kukiondoa, ingawa wahisi moto, wakati umefika. Yakiwa moto zaidi utaviua, na yakipoa sana vitalala.

Chukua vijiko viwili vikubwa vya yogati ya dukani isiyo na sukari wala rangi, iliyo na vijidudu hai. Ikoroge kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe, ndipo umimine katika mengine. Sasa shida ni kulinda joto, maana mwezi wa Julai upepo wa nyanda za Athi hupenya hata chini ya mlango. Chupa ya chai inatosha. Isugue hadi isinuke majani, isuuze kwa maji moto, mimina, funga. Asiye na chupa afunike sufuria, aizungushie blanketi na kuiweka ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu. Iache saa sita hadi nane. Usiitikise, na watoto wasichungulie!

Pengine asubuhi utakuta maziwa ni maji matupu ilhali ulifuata kila hatua. Usijilaumu kabla ya kumuuliza aliyekuuzia kama ng'ombe alidungwa sindano juzi. Dawa ya kutibu kiwele kilichovimba hubaki katika maziwa kwa siku kadhaa, na kuchemsha hakuiondoi. Ikiwa imevishinda vijidudu vyako, ujue ndiyo hiyo hiyo ambayo wanao wangeinywa kwenye chai. Mwuzaji asiyetaka kuulizwa swali hilo, mimi simrudii.

Yakiganda, toa vijiko viwili vya mbegu ya kesho kabla hujamwita mtu mezani. Yaliyobaki yafunike katika chungu kilichovikwa kitambaa kibichi, mahali penye upepo. Kesho yake yatakuwa yamechachuka zaidi, na kwa ugali hayo ndiyo matamu.