Ukanda wa Kofia

Wasomaji wenzangu, Mhariri alituomba tuandike juu ya jambo tulilojifunza nje ya darasa. Mimi nitaandika juu ya ukanda wa kofia ya pikipiki, maana umenifunza kwa gharama kubwa.

Kwetu ni Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Wazee wetu husema kwa fahari kwamba bodaboda zilianzia kwetu. Katika miaka ya 1960 vijana walipakia watu na mizigo juu ya baiskeli, wakiwavusha kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili, na kuita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Ndiko lilikotoka jina hilo. Baadaye baiskeli zikapisha pikipiki. Kaka yangu mkubwa ameifanya kazi hiyo, na ada yangu ya shule tangu kidato cha kwanza ilitoka humo.

Sheria ya nchi yetu i wazi. Tangu mwaka 2004 ziko kanuni zinazowataka mwendeshaji na abiria wake, wote wawili, wavae kofia ngumu. Hata hivyo, kofia ya abiria ni nadra kuonekana, na ya mwendeshaji mara nyingi huning'inia kwenye usukani mpaka askari aonekane mbele.

Siku ya kufungua shule muhula uliopita, kaka alinipakia kunileta hapa. Mimi sikuwa na kofia. Tulipokaribia mahali ambapo askari huweka kizuizi, kaka alisimama, akaichukua kofia yake kwenye usukani, akaivaa. Akaanza kutafuta ukanda wa kidevuni.

"Ngoja kidogo, mdogo wangu, nifunge."

Nami nikamjibu, "Twende, kaka, lango litafungwa. Askari wakiiona kofia inatosha. Mimi nitashuka nivuke kwa miguu."

Kumbe siku hiyo askari hawakuwapo. Tulipita upesi, na mwendo mfupi mbele mbuzi akakatiza njia. Tukaanguka. Mimi nilitupwa majanini, nikavunjika mkono. Kofia ya kaka ilimtoka kabla kichwa hakijafika chini. Niliiona ikibingirika peke yake barabarani. Alilala hospitalini siku kumi na moja. Sasa yuko nyumbani, lakini mara kwa mara hutafuta jina la kitu na kulikosa, na pikipiki hajaipanda tena. Ada ya muhula huu Mama ameilipa kwa kuuza samaki wakavu.

Niliporudi, mwalimu wetu wa Fizikia alinieleza kazi ya kofia. Ndani yake mna povu gumu ambalo hubonyea kofia inapogonga chini. Kule kubonyea hurefusha muda wa kichwa kusimama, hivyo nguvu inayoufikia ubongo hupungua. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata ajali haifai tena. Alinisimulia pia habari za Hugh Cairns, daktari wa ubongo aliyemhudumia T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana Arabuni, alipoanguka na pikipiki mwezi wa Mei 1935. Lawrence hakuwa na kofia. Alikufa baada ya siku sita. Daktari huyo akachunguza majeraha ya waendesha pikipiki, akaandika matokeo yake mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru waendeshaji wake wavae kofia kazini. Raia hawakulazimishwa na sheria mpaka mwaka 1973.

Basi serikali yaweza kuandika sheria, na askari aweza kusimama njiani. Jirani zetu wa Kigali, ambako mwendeshaji hubeba kofia ya pili kwa ajili ya abiria wake, wanatuonyesha kwamba sheria hiyo yafuatika. Lakini ukanda hufungwa kwa mkono wa mtu mwenyewe, na siku ile mimi ndimi niliyeuzuia mkono huo.

Wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani mnaopanda bodaboda kwenda kazini, ulizeni kofia ya abiria kabla ya kuuliza nauli. Na mwendeshaji akisema, "Ngoja nifunge," mngojeeni. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi nilikimbilia lango nisichelewe kwa nusu saa. Nikachelewa kwa wiki tatu, na kaka yangu bado hajafika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita