Kadi ya Abbrechen

Kila asubuhi ndani ya matatu nafungua Anki, inaniuliza maneno ya Kijerumani. Nikilijua neno, linapotea siku nne, halafu kumi, halafu mwezi. Nikilikosa, linarudi baada ya dakika moja, kama konda anayedai nauli.

Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akachapisha matokeo 1885: tunasahau haraka mwanzoni, na kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kukariri yote siku moja. Alitumia silabi zisizo na maana, makusudi. Bahati yake. Mimi neno lililonisumbua wiki tatu ni abbrechen: kukatiza, kuacha kitu katikati. Der, die, das zilinitesa, sawa. Lakini hili, manze, nilikuwa nalijua; kidole ndicho kilikataa kubonyeza.

Mwalimu alisema kwenye mahojiano ya kazi wataniuliza kuhusu ule mwanya kwenye CV. Nikatengeneza kadi ya sentensi nzima: Ich habe mein Studium abgebrochen. Nilikatiza masomo ya chuo.

Sasa naitamka bila kusita, na programu imeisukuma mbele miezi miwili. Mama hajui Kijerumani. Hupiga simu kila Jumapili kuuliza mitihani inaendaje.