Makaburi ya Kaboya

Katika kijiji chetu, upande wa Magu, yuko mama mmoja mzee ambaye mdogo wake wa kiume alikwenda vitani mwaka 1978, asirudi. Aliposikia kwamba nina safari ya kwenda Bukoba, alinijia jioni, akaketi kwenye kigoda, tukaamkiana kirefu kama ilivyo desturi yetu Wasukuma. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, ukifika huko pita Kaboya. Sikutumi kupeleka maua. Nataka ukaniangalilie ni nani na nani waliolala jirani naye."

Nilidhani sikusikia vema. Nikamwuliza, "Mayu, hutaki kujua kama kaburi lenyewe linatunzwa?"

Akajibu kwamba jeshi hutunza vilivyo vyake, na hilo halimnyimi usingizi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani. Upande huu yupo babu yake, upande ule shangazi, na watoto wadogo waliokufa kwa surua wapo karibu na mnyaa wa boma. Hata usiku ukipita hapo unajua ni nani yuko na nani. Mdogo wake peke yake ndiye aliyelala mahali ambapo hakuna mtu wa mji wao aliyepata kufika. Mama yao alikufa akiuliza neno hilo hilo: mtoto wangu amelala na nani?

Basi akafungua mfuko wa nailoni, akatoa barua ya zamani iliyokunjwa mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo, nami nikanakili jina na namba ya askari katika daftari langu.

Nilifika Mwanza mchana, na kwa kuwa meli huondoka usiku, nikatembea mpaka Capri Point, ambako kisiwa cha Saanane huonekana karibu sana. Kisiwa hicho kiliitwa kwa jina la mzee aliyekuwa akikaa huko zamani kabla hakijafanywa mahali pa kufugia wanyama wa porini mwaka 1964. Siku hizi ni hifadhi ya taifa. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya vita ya Libya, aina ya Tupolev, ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza, kwa maana Libya ilikuwa imesimama upande wa Idi Amin. Mabomu yakaukosa mji, yakaangukia kisiwani, yakaua swala. Watu wa Mwanza mpaka leo huisimulia habari hiyo kwa kicheko, na haki yao, maana wangeweza kuwa wanasimulia jambo jingine kabisa. Mimi nilipokuwa nikiangalia yale mawe na ile miti, nilifikiri kidogo juu ya wale wanahewa waliokuja kutoka mbali namna ile, juu ya ziwa ambalo labda hawakulijua jina, na mama zao huko Libya wakidhani wapo kambini.

Meli niliyopanda ni ile Victoria iliyoanza kazi katika ziwa hili mwaka 1961, ikachakaa, ikatengenezwa upya, ikarudishwa majini mwaka 2020. Usiku kulikuwa shwari. Abiria walikuwa wa kila namna: wachuuzi wenye magunia ya dagaa, wanafunzi, bibi mmoja na kuku wake wawili ambao hawakunyamaza mpaka alfajiri. Tulipokuwa bado hatujauacha sana mji, mzee mmoja alivua kofia yake akanong'ona kitu. Hakuna aliyemwuliza sababu. Katika maji ya upande huo ilizama meli ya Bukoba tarehe 21 Mei 1996, wakafa watu zaidi ya 800, na wengi wao wamezikwa pamoja kule Igoma. Sisi watu wa ziwa tunajua kwamba si kila mtu hupata kuzikwa kwao.

Kwa ajili ya vijana niseme kwa kifupi vita vile vilikuwa nini. Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Uganda zilianza kutupa mabomu Kyaka na Bukoba, na mwishoni mwa mwezi majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakashika nchi yote mpaka mto Kagera. Tarehe 1 Novemba redio ya Uganda ikatangaza kwamba sehemu hiyo sasa ni yao. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Vijiji viliporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na raia wapatao 1,500 wakapoteza maisha. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba, siku ambayo Kanisa huwaombea Marehemu Wote, akatangaza kwamba tutapigana. Wazee wanayakumbuka yale maneno yake matatu: uwezo, sababu na nia.

Jeshi letu wakati ule lilikuwa dogo. Likajazwa na mgambo, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na askari magereza. Ndivyo alivyokwenda yule kijana wa kwetu. Alikuwa mgambo wa kijiji. Aliitwa wakati watu wanaandaa mashamba ya pamba, akaacha jembe limesimama kando ya mtaro. Dada yake asema jembe hilo walilitumia mpaka likaisha. Mutukula ilitwaliwa Januari 1979, Masaka Februari, Kampala ikaanguka mwezi wa Aprili, na vita vikaisha mwanzoni mwa Juni wakati askari wetu walipofika mpaka wa Sudan. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, ambaye ndiye aliyewaongoza vitani, alifariki Oktoba 2024 hapo Mwanza akiwa na umri wa miaka 104, akazikwa kwao. Yeye alijaliwa hayo. Barua ya yule kijana ilifika nyumbani Aprili 1979, baada ya Pasaka.

Asubuhi tulishuka Kemondo. Ilikuwa Novemba, majira ya senene, na gatini tu wanawake walikuwa wakiuza senene waliokaangwa, wamepimwa kwa vikombe. Msukuma akienda Buhaya mara ya kwanza huwatazama wadudu hao kwa mashaka, lakini akionja mara moja hutafuta wa kupeleka nyumbani. Niliyekaa naye katika basi dogo, mzee mwenye shamba la migomba na kahawa upande wa Muhutwe, aliniambia kwamba vita viliingia majira hayo hayo. Watu wa Missenyi walipita barabara hii wakikimbia, na magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa, watoto wamefungwa mgongoni. "Waitu," alisema, "mwaka ule senene walijaa kila mahali na hakuna mtu aliyewasha taa kuwakamata. Tuliogopa ndege."

Kaboya iko kusini mwa Bukoba, katika wilaya ya Muleba, nchi ya vilima vya majani na vijiji vilivyozama ndani ya migomba. Huko ndiko jeshi lilikowaleta wanajeshi wake waliokufa katika vita vile ili wazikwe pamoja. Ni mahali pa jeshi, huingii kama unavyoingia sokoni. Nilieleza shida yangu kwa askari wa zamu, kijana ambaye kwa kumtazama nilijua kwamba vita vilipokwisha hata baba yake alikuwa hajaoa. Alisoma daftari langu, akaenda kuuliza, nikangoja chini ya mti kwa muda wa saa nzima. Aliporudi alikuwa na mwenzake, mtu mzima wa cheo, ambaye alinisalimu kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu hufika, lakini si wengi. Wengi wanatoka mbali mno."

Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa hufanya kumbukumbu ya Mashujaa, na mwaka 2013 sherehe hiyo ilifanywa hapo Kaboya, Rais Kikwete akiwapo. Nadhani wengi mmewahi kuona jinsi inavyofanywa. Rais huweka mkuki na ngao penye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mzee wa askari wa zamani huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza, kisha viongozi wa dini huomba kila mmoja kwa dini yake. Mimi napenda sana kwamba silaha zile ni za babu zetu. Hakuna bunduki hata moja inayowekwa pale, na bibi wa kijijini akitazama anaelewa kila kitu.

Siku niliyofika mimi hapakuwa na tarumbeta. Palikuwa na safu za makaburi, upepo, na mtu mmoja akifyeka majani. Nimezoea viwanja vya makaburi vya parokia zetu, ambako kaburi la katekista mzee liko karibu na la mtoto mchanga, jingine lina saruji na jingine rundo la mawe tu. Pale Kaboya ni kama paredi. Wamelala kwa mstari. Jambo lililonishika zaidi ni majina. Ukitembea taratibu unapita nchi nzima: hili la Kichaga, hili la Kihehe, hili la pwani, hili la Kikurya, hili halina shaka ni la Musoma. Majina ya ubatizo na majina ya Kiislamu yamechanganyika jinsi yalivyochanganyika katika kikosi. Nilipata taabu kuendelea kuhesabu, nikaacha.

Tulimwona katika safu ya katikati. Jina lilikuwa sawasawa na lile la barua, na namba pia. Nilisimama pale, nikasali sala ya marehemu, na yule mwenyeji wangu akasimama kando, kofia mkononi. Halafu nikafanya nililotumwa. Kulia kwake amelala Mwislamu, ambaye kwa jina lake namdhania kuwa mtu wa Tanga au wa pwani mahali fulani. Kushoto yupo mtu mwenye jina la mtakatifu na ukoo wa Kingoni, bila shaka wa Songea. Miguuni pake, safu ya pili, kuna jina la Kisukuma. Nilisoma mara mbili ili niwe na hakika. Ukoo huo upo hata Kwimba, hata Maswa. Nikaandika yote matatu.

Yule mtu wa cheo aliniuliza kwa nini naandika ya wengine. Nilipomweleza, hakujibu. Tulipokuwa tukirudi langoni alisema kwamba amekaa pale miaka kadhaa na watu wamemwuliza mambo mengi, lakini hilo hakuwahi kuulizwa.

Kesho yake nilifika Kyaka, maana nilikuwa na mtu wa kuonana naye huko. Daraja jipya lipo, magari hupita bila kusimama, na chini yake Kagera inakwenda na rangi yake ya udongo. Lipo gofu la kanisa lililobomolewa katika vita, nalo limeachwa hivyo hivyo liwe ukumbusho. Nilisimama ndani yake kitambo kidogo. Jambo moja lilinirudia hapo, nalo nalisema ingawa huenda wengine wasipendezwe: ng'ambo ya mpaka nako wapo wazee wa kike ambao wadogo zao waliamrishwa kuja huku, wakafa, na sijui kama wao walipata hata barua. Askari wa Uganda hakumchagua Idi Amin.

Nilirudi nyumbani na kikombe cha senene na mkungu wa ndizi. Sikumaliza hata kutua mzigo, yule mama alikuwa amekwisha kufika uani, naye amejitanda kitenge chake cha kanisani. Tukaamkiana. Nikamwambia kwamba nimemwona, jina limeandikwa vema, majani yamefyekwa. Akaitikia kwa kichwa tu, akingoja.

Nikafungua daftari, nikamsomea. Wa kulia Mwislamu wa pwani. Alisema, "Vema, hao ni watu wa maneno mengi. Mdogo wangu alikuwa mkimya." Wa miguuni Msukuma mwenzetu. Hapo aliniomba nirudie jina, akalitamka mwenyewe, akalitamka tena, akahesabu kwa vidole watu wa ukoo huo anaowajua, na mwisho akasema kwamba bibi yao mzaa mama alikuwa na udugu na watu hao kwa upande wa Kwimba. Kama ni kweli au amejitafutia tu, mimi sikuona haja ya kuchunguza. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa pindo la kitenge, akacheka.

Kisha nikamsomea wa kushoto, yule wa Songea. Akakaa kimya kirefu. Kuku waliingia chini ya ghala, jua lilikuwa linakaribia kuzama.

"Songea ni mbali kuliko kwetu?" akauliza.

"Mbali sana, mayu. Ni mwisho wa nchi, karibu na Msumbiji."

"Na huyo," akasema, "ana dada aliyepata mtu wa kumtuma?"