Upepo Ndani ya Dizeli

Ufundi wa malori niliuanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vipuri vilikuwa adimu kuliko mvua ya Agosti. Filta chakavu ilioshwa ikarudishwa kazini. Washa ya shaba ilichomwa motoni ili ilainike, kisha ikafungwa upya. Karakana yetu ilikuwa Ng'ambo, chini ya mwembe mkubwa, mmojawapo wa ile miembe ambayo wazee wa Tabora husema iliota kutokana na kokwa za wapagazi. Leyland, Fiat, Isuzu, Scania, yote yalipita chini ya mwembe ule, mengine yakiwa yanavutwa kwa mnyororo.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Kimanyema, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa maneno machache. Lori likiletwa kwamba haliwaki, mkono wake haukwenda kwenye spana. Alivuta kigoda, akamwambia dereva, "Piga stata kidogo, kisha niachie." Yeye alisikiliza stata na kutazama bomba la moshi. Baada ya hapo ndipo aliponiita, "Kijana, njoo uniambie umeona nini."

Alichotaka nimwambie ni hiki. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inabaki sehemu moja ya kumi na sita au chini ya hapo, na kwa kubanwa huko inapata joto la kupita nyuzi 500. Nozeli inapopuliza dizeli humo, dizeli inawaka yenyewe. Kwa hiyo injini isiyowaka ama haizunguki kwa kasi ya kutosha, ama haibani hewa, ama dizeli haifiki. Bomba likitoa moshi mweupe stata inapozungusha, ujue dizeli inaingia lakini haiungui. Tafuta baridi, mbano dogo au pampu iliyotegwa vibaya. Pasipo moshi kabisa, achana na silinda. Fuata dizeli.

Baridi nayo tunayo, ingawa watu wa pwani hawaamini. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na alfajiri za Juni na Julai betri dhaifu huumbuka. Mzee alikuwa na desturi ya kushika vichwa vya betri mara tu stata inapoachiwa. Kichwa kilichopata moto ndicho kinachokula umeme: pana uchafu au kimelegea. Mara nyingi tatizo lilikuwa waya wa ethi, umefungwa kwenye chesesi juu ya rangi na kutu. Tulikwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukakaza, lori likawaka, na dereva akaona aibu kulipa pesa kwa kazi ya msasa. Tulizipokea hivyo hivyo.

Halafu kuna kamba ya kuzimia. Dereva anaivuta kuzima injini, hairudi, na asubuhi anapiga stata huku pampu imefungwa. Hilo nimelikuta kwa madereva wenye leseni kubwa kuliko umri wangu, kwa hiyo mpaka leo ndicho kitu cha kwanza ninachoangalia kabla ya kumuuliza mtu jambo lolote.

Lori ninalolikumbuka kuliko yote lilikwama karibu na Tura, likitoka Itigi na shehena ya mabati na sabuni. Barabara ya wakati ule ilikuwa ya vumbi na mchanga, hivyo mzee alinituma kwa treni na sanduku la spana, nikashuka stesheni ya Tura. Misafara ya zamani ikitoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukame wake, na Tura ndipo mpagazi wa Kinyamwezi alipojua kwamba amefika kwao. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Kazeh, ndiyo Tabora. Lori letu lilikuwa limeshavuka lile pori, likazimikia mlangoni.

Dereva alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyo hiyo. Hata salamu hakuimaliza. "Mtani, babu zenu walibeba pembe kichwani mpaka pwani na mzigo haukuzimika njiani. Nyie mmeletewa gari mnashindwa?"

"Babu zako walikaa Bagamoyo wakisubiri kupokea," nikamwambia. "Na wewe kaa hapo usubiri."

Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko utani wake. Lori lilizimika lenyewe likiwa katika mwendo. Akabadilisha filta, akatoa upepo kwa pampu ya mkono, likawaka, likanguruma dakika moja hivi, likazima. Akarudia mpaka betri zikaisha. Fundi mmoja wa hapo kijijini alikuwa tayari ametandika gunia chini, anataka kufungua pampu ya nozeli. Nilimwomba kwa heshima aliondoe gunia lake. Ndani ya pampu ile vyuma vinapishana kwa nafasi ya elfu chache za milimita; punje ya vumbi la Tura inatosha kuiua, na ukishaifungua huwezi kuitega sawasawa bila mashine ya kupimia, ambayo porini haipo.

Injini inayowaka ukishatoa upepo kisha ikafa, inavuta hewa. Tatizo ni kwamba hewa haionekani. Kati ya tangi na pampu ya kuvutia, dizeli inafyonzwa, haisukumwi, kwa hiyo penye ufa hapavuji tone nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani, kama mtu anayefyonza soda kwa mrija uliotoboka. Ukitafuta mahali palipolowa utatafuta mpaka jioni.

Tuliazima betri za lori jingine lililokuwa limesimama pale kupumzika. Nikafungua paipu inayotoka tangini, na mahali pake nikaunga kipande cha mpira mweupe, ule ambao waashi huujaza maji kupimia usawa wa ukuta. Tukatoa upepo, dereva akapiga stata, injini ikashika. Mapovu yakaanza kupita ndani ya mpira, madogo madogo kwanza, kisha makubwa yaliyokata dizeli vipande vipande, injini ikakohoa ikafa. Kila mtu aliyesimama pale aliona.

Kilichofuata ni kulitenga tangi. Tulifunga dumu la dizeli safi juu ya kebini, tukateremsha mpira mpaka kwenye pampu ya kuvutia. Lori likawaka na halikuzima tena. Maana yake pampu ya nozeli nzima, nozeli nzima, mbano upo. Ubaya uko nyuma ya pale mpira ulipoanzia. Nikachomoa bomba la kuvutia lililo ndani ya tangi. Lilikuwa na ufa kwenye shingo, mahali lilipochomelewa. Tangi likiwa limejaa, ufa unazama ndani ya dizeli na hakuna ajuaye. Dizeli ikishuka nusu, ufa unabaki wazi na kuvuta hewa. Ndiyo sababu lori lilitoka Itigi vizuri likaja kufia Tura. Tulikata mpira tukaufunika ufa, tukabana kwa klipu pande zote mbili, tukajaza tangi kadiri tulivyoweza, tukaingia Tabora kupitia Goweko na Igalula bila kusimama, Mzaramo akiimba.

Tangu siku zile nimekuta tangi ambalo tundu lake la kupumulia limezibwa na nyigu kwa udongo, ukifungua kifuniko linavuta pumzi kwa sauti. Nimekuta dizeli iliyonunuliwa kwenye madumu ya asali ikiwa na nta ndani. Injini zenyewe zilikuwa nzima. Zilikuwa na njaa tu.

Neno moja kwa vijana wanaorithi kazi hii. Zamani tulilegeza nati za nozeli huku stata inazunguka, tukaona dizeli ikiruka, tukajua imefika. Katika injini za kisasa za komoni reli, ambako bomba moja linagawa dizeli kwa nozeli zote, mgandamizo unapita baa 1,000, na dizeli inayochomoka hapo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Kagua tangi, paipu na filta kwa njia yetu ya zamani, lakini nati hizo usiziguse injini ikizunguka. Dizeli ikikupiga mkononi, hata kama tundu ni dogo na haliumi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.