Mbuzi ya Mama

Mdogo wetu aliyeolewa Machakos alipojifungua, mama yetu, ambaye mikono yake haiwezi tena kukuna nazi, alitukabidhi mbuzi yake tumpelekee. Kituoni Miritini mizigo ilipangwa chini, mbwa wakainusa, kisha ikapita kwenye mashine. Visu, petroli, mitungi ya gesi: makatazo hayo tuliyajua. Ulimi wa mbuzi hatukuufikiria, nao una meno kuliko kisu chochote!

“Hii haipandi, mama,” alisema askari kwa adabu. Hatukumlaumu. Tulimpa dereva aliyetuleta airudishe nyumbani, tukashuka Athi River na nazi sita tupu.

Mzazi alizisaga kwa blenda, na wali, alhamdulillahi, ulikolea tui. Usiku mama alipiga simu kuuliza kama mbuzi imempendeza binti yake. Dereva hakuwa amefika bado.