Mjomba hakuwa muongo

Najua nimepotea. Mitihani ilinikaba, na laptop yangu nayo ikaamua kufa wiki ileile. Tuyaache hayo.

Jumamosi nilishuka mwendokasi pale Msimbazi Polisi, nikakata kuingia Aggrey kwa mjomba wangu anayeuza spea za redio. Huyu mzee tangu tukiwa wadogo anatupigia stori za bendi ya roki ya hapa hapa Dar, vijana na magitaa ya umeme, wanapiga muziki kama wa Wazungu halafu ghafla wanageuza inakuwa ngoma. Jina lao Sunburst. Nyumbani tulikuwa tunamcheka. Mama akisema "kaka, hiyo umeiota", basi nasi wote tunaunga mkono. Mjomba ananyamaza tu.

Sasa juzi mshikaji wa hosteli akanirushia nyimbo kwenye simu. Duh! Sunburst wenyewe. Kumbe walianza 1970, mwaka mmoja tu baada ya muziki wa soul kupigwa marufuku Dar, Novemba 1969. Yaani watu wanaambiwa mambo ya magharibi yanaharibu vijana, wao ndiyo kwanza wanaunda bendi! Mwimbaji James Mpungo, gitaa Hembi Flory Kongo. Muziki wao wakauita Kitoto. Sikilizeni "Enzi za Utumwani" halafu mje mniambie.

Nikamwekea mjomba spika masikioni. Akasikiliza akiwa ameshika pasi ya kuchomea waya, ikapoa mkononi. Wateja wawili wakaondoka. Akaja kusema, "Mwambie mama yako."

Nilichotaka kujua ni kwa nini waliisha haraka vile. Mjomba ana jibu lake: hawakuwa na mwajiri. Nuta Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo unapewa na mshahara unapata, leo jina limebadilika mpaka limekuwa Msondo Ngoma na kila mtu analijua. Bendi binafsi gitaa likiharibika ni shida yako. Redio Tanzania ilirekodi, ila kiwanda cha kutoa sahani za santuri nchini hakikuwepo, watu walikuwa wanakwenda Nairobi. Sunburst wao wakaenda Zambia, na huko albamu yao pekee, Ave Africa, ikatoka 1976. Ikatoka, na bendi ikafa. Miaka sita tu jamani! Soko la Kariakoo lenyewe, lile jengo la Beda Amuli, lilianza kujengwa na kufunguliwa ndani ya uhai wao. (Hata Simba walikuwa bado wanaitwa Sunderland bendi ilipoanza, ila hilo watani wa Yanga msilianzishe hapa.)

Halafu 2016 lebo moja ya London, Strut, ikakusanya rekodi zao zote za 1973 mpaka 1976 ikazitoa upya. Miaka arobaini. Nimefurahi, lakini kimeniuma pia. Mjomba hapo Aggrey amezungukwa na redio maisha yake yote na hakuwahi kusikia tena hata wimbo mmoja.

Nilipokuwa naaga akaniuliza, "Na nyie bendi yenu ya chuo, mmerekodi?"

Nikajibu tuko mbioni. Uongo mtupu. Mwaka wa pili huu tunapiga kila Ijumaa nyuma ya kantini, nyimbo saba za kwetu, na hakuna hata moja iliyopo popote zaidi ya vichwani mwetu. Mwezi wa saba mpiga drums anarudi Mwanza, mwimbaji ana mpango wa kazi Dodoma. Tulikuwa tunasubiri hela ya studio ya maana.

Jana usiku nikaandika kwenye grupu: Alhamisi saa kumi, chumbani kwangu, tunarekodi kwa simu, magodoro tunaegesha ukutani. Mwimbaji amekubali. Mpiga drums amesoma, hajajibu. Ngoja nivae viatu nimfuate block B.