Gauni la Kumi na Mbili

Katika sanduku langu la nguo kuna gauni moja la kitenge ambalo halijavaliwa na mtu yeyote tangu lilipotoka kiwandani mwaka 1995. Limekunjwa vile vile lilivyokunjwa siku ile, na mistari ya pasi bado inaonekana. Wajukuu wangu wameniuliza mara nyingi kwa nini silitoi likavaliwa. Mimi huwajibu kwamba hiyo ndiyo shahada yangu. Hucheka na kuuliza, shahada ya nini, bibi? Leo nitalijibu swali lao kwa kirefu, maana naamini limo jambo ndani yake hata kwa msomaji ambaye hajawahi kushika sindano.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kanzu, na cherehani yake ya miguu ilikaa barazani pale pale kwa miaka mingi kiasi kwamba watu walielekezana njia kwa kuitaja. Miaka hiyo mimi nilikuwa na kibanda cha nguo katika soko la Mwanga, mjini Kigoma. Biashara ilikuwa ngumu. Tangu serikali ilipolegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya themanini, mitumba ilikuwa imejaa kila soko, na bei yake hakuna fundi aliyeiweza. Vitenge vilikuwapo vya kutosha, vingine vikivushwa ziwani kutoka Zaire, kama nchi ya Kongo ilivyoitwa hadi mwaka 1997. Kilichokuwa adimu ni gauni la kitenge lililokwisha kushonwa, la bei ambayo mama wa kawaida angeweza kuitoa siku hiyo hiyo.

Wateja niliowalenga ni akina mama wa dagaa, wale wa Kibirizi na Katonga. Anayeijua pwani ya Tanganyika anaijua kazi yao. Usiku wa giza wanaume huingia ziwani na taa zao kuvuta dagaa. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulala, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Alfajiri mitumbwi ikirudi, akina mama huipokea majini. Hununua, hujaza mabeseni, hujitwisha, hupanda nayo mchangani, huanika, hugeuza, hukusanya kabla ya mvua. Nilitaka kuwashonea gauni la kazi hiyo: pana, lenye mikono ya kufika kiwikoni kwa ajili ya stara na jua, na mfuko mrefu wa ndani ubavuni, kwa sababu fedha iliyofungwa kwenye pindo la khanga hulowa au hudondoka majini.

Mjomba alinishonea la kwanza. Lilikuwa zuri, lakini yeye na mafundi wenzake hawakuweza kushona zaidi ya mawili au matatu kwa siku, na malipo ya ushonaji peke yake yalilipandisha gauni juu ya mfuko wa mama wa dagaa. Ndipo nikaingiwa na wazo la kiwanda. Nilikuwa na zamu yangu ya upatu, akiba kidogo, na mkopo kutoka kwa shangazi. Mjomba aliponisikia alisema, "Mwanangu, kiwanda hakimjui mtu." Nami kwa jeuri ya ujana nikamjibu, "Mjomba, kiwanda kinajua hesabu."

Basi nikapanda treni. Reli ile ilifika Kigoma mwaka 1914, wakati wa Wajerumani, na kutoka ziwani hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250. Nililala njiani huku gauni la mjomba nimelifanya mto wa kichwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu ilijitahidi sana kujivisha yenyewe. Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kikafuata Mwatex cha Mwanza, na Mutex cha Musoma, na vingine. Lakini kufikia miaka ya tisini viwanda vingi vya nguo vilikuwa hoi kwa mitambo iliyochakaa, madeni, mgao wa umeme, na soko lililojaa mitumba na nguo za kigeni. Kiwanda cha ushonaji nilichokwenda, ambacho jina lake naliacha, kilikuwa na safu nzima za vyerehani vilivyofunikwa vitambaa kama maiti. Katika siku zake njema kisingeninyanyulia hata jicho mimi na magauni yangu 200. Siku ile walinipa kiti na chai.

Sitasahau nilivyostaajabu. Nilikuwa nimezoea kuona fundi mmoja akilianza gauni na kulimaliza. Pale gauni lilivunjwa kwanza kuwa karatasi. Kila kipande, mbele, mgongo, mkono, mfuko, kilichorwa kwenye karatasi ngumu kwa saizi tatu. Kitambaa kilitandazwa juu ya meza ndefu tabaka juu ya tabaka, zikapangwa zile karatasi juu yake kwa kubanana, kisha kisu cha umeme kikapita mara moja na kutoa mikono 40 kwa mpigo. Vipande vilifungwa mafungu na kupewa namba. Halafu vikaanza safari: mama wa kwanza anaunga mabega, wa pili anatia mikono, wa tatu anapiga ovaloki, wa nne anaweka mfuko, hadi mwisho wa mstari ambako kijana anapiga pasi na kukunja. Hakuna hata mmoja wao aliyeshona gauni, ila gauni lilitoka.

Lakini kabla ya kisu kupita palikuwa na kikao kidogo, na hapo ndipo penye kisa. Msimamizi wa ukataji aliligeuza gauni la mjomba ndani nje, akaweka kidole kwapani.

"Mama, hiki kipande ni cha nini?"

Kilikuwa kitambaa cha pembe nne, ukubwa wa kiganja, kilichotiwa chini ya mkono. Nikamjibu kwamba ni mtindo wa wazee, hutiwa kwenye kanzu.

"Kinatuchelewesha," akasema. "Kina pande nne, na kila upande ni mshono. Tukikiondoa, tukabana mkono kidogo, mpango wa mezani unakaa vizuri zaidi. Kitambaa chako kitatoa magauni 212 badala ya 200."

Magauni 12 ya bure! Nilipiga hesabu hapo hapo; yalitosha kulipa nauli na mzigo. Wakashona gauni la mfano, wakamwita binti mmoja wa ofisini alivae. Alisimama wima mbele yetu, mikono imelala ubavuni, akatabasamu. Gauni lilimkaa kama la dukani. Nikatia saini.

Marobota yalifika Kigoma salama. Asubuhi ya kwanza ya giza jipya niliyapeleka Kibirizi. Mteja wa kwanza alikuwa mama wa makamo, mcheshi, anayesikilizwa na wenziwe. Alilivaa juu ya khanga yake, akajitazama, akaupapasa mfuko, akasema hilo ndilo alilokuwa akilitafuta miaka yote. Akalipa. Kisha akaiendea kazi yake. Akainama, akashika beseni la dagaa kwa mikono miwili, akalinyanyua kulipeleka kichwani. Gauni zima likapanda nalo hadi magotini, na mshono wa kwapa la kulia ukaachia, mlio wake ukasikika hadi nilipokuwa.

Wenziwe walicheka. Yeye hakucheka. Alilitua beseni, akanitazama, akasema, "Mwanangu, umenishonea gauni la kupigia picha."

Katika magauni 30 niliyouza wiki ile, 22 yalirudi. Nilirudisha fedha za watu. Usiku niliandika barua kali kwenda kiwandani. Nilipotaka kutaja kosa lao, nililitazama gauni upya kwa taa. Mishono ilikuwa imenyooka. Vipimo vilikuwa vile vile vya lile la mfano. Walikuwa wamefanya kila nilichokubali, na saini ilikuwa yangu. Barua ile sikuituma.

Nilikwenda kwa mjomba nimeinamisha kichwa. Nilimwamkia, akaitikia, akalipokea gauni bila kuuliza neno. Akatia ngumi yake ndani ya mkono wa gauni, akaisukuma juu, akaona panapokaza. "Kikwapa kiko wapi?" akauliza.

Siku hizi vijana wakisikia neno kikwapa wanafikiria harufu ya jasho tu. Kwa mafundi wa kanzu ni jina la kile kipande cha pembe nne. Mjomba alinieleza siku ile jambo ambalo nilikuwa nimeliona utotoni mwangu wote bila kuliona. Kitambaa hakivutiki kwa kufuata uzi wake, lakini kikivutwa mshazari kinanyumbuka. Kikwapa hutiwa pembe ikitazama juu, ili mkono ukiinuka kivutwe mshazari na kufunguka kama mkunjo wa kiganja, na mkono ukishuka kijikunje kisionekane. Mtu akisimama wima hakina kazi yoyote. Kazi yake yote ni mkono ukiwa juu.

"Sasa vitambaa vya kutilia tutavitoa wapi?" nikamwuliza. Mabaki niliyaacha kiwandani. Kitambaa cha rangi ile hakikuwapo Kigoma nzima.

Mjomba alilitazama robota. "Si ulisema umeongezewa 12?"

Tukayafumua. Gauni moja lilitoa vikwapa 37 hivi, na kwa magauni 200 tulihitaji 400. Yalikwenda magauni 11. Kwa wiki tatu mimi, mjomba na majirani wawili tulifumua makwapa na kuyatia upya, moja moja, kwa ile kazi ya polepole niliyoikimbia kwa treni. Ukiweka malipo ya majirani na mafuta ya taa, faida yote ya kubana kitambaa ilikwisha na ya ziada ikafuata. Lakini magauni yaliuzika. Nilipeleka la kwanza kwa yule mama mcheshi, naye kabla ya kulipa alinyanyua beseni. Katika giza tatu za mwezi yalikwisha yote.

Usinielewe vibaya, msomaji. Siandiki haya kumsifu fundi wa barazani na kukilaani kiwanda. Hesabu ya kiwanda ni ya kweli. Bila hiyo akina mama wale wasingepata gauni kwa bei ile. Wala kiwanda si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Karne ya kumi na tisa, Ujiji ilipokuwa kituo cha misafara, nguo ilikuwa ndiyo fedha, na nguo iliyotakiwa sana ilikuwa merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani. Hata hivyo, nguo ile ya kiwandani ilipofika huku ilipimwa kwa mwili: mikono minne shuka, mikono minane doti, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Hakika muuzaji alipenda mkono mfupi na mnunuzi alipenda mrefu, na ugomvi haukukosa. Ila hakuna aliyesahau kwamba mwisho wa kipimo yuko mtu.

Mwaka 1996 nilirudi Dar es Salaam na oda ya pili, kiwanda kile kile. Nilimwambia msimamizi kikwapa kibaki, nami nitalipa muda wake. Nikamwomba jambo moja zaidi: atakayejaribu gauni la mfano apewe ndoo ya maji ajitwishe. Alicheka, lakini hakukataa. Akaitwa mmoja wa wale akina mama wa vyerehani, yule aliyekuwa akitia mikono. Alilivaa, akainua ndoo, akaitua, akainua tena. Gauni halikusogea.

Tulipobaki wawili nikamshukuru. Akaniambia kwa upole, "Hata lile la kwanza nilijua litabana, dada. Mimi nachota maji kila asubuhi kabla ya kuja kazini. Nilivyokuwa nautia ule mkono nikajua."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Jibu hilo limekaa nami kuliko hasara yenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba ujuzi ulibaki Ujiji kwa mjomba, na kwamba kiwandani palikuwa na kisu na hesabu tu. Kumbe ujuzi ulikuwapo pale pale, umeketi kwenye kiti cha pili cha mstari, unashona mikono 424 ya kubana huku ukijua. Tulikaa mezani watu watatu kuamua, na hakuna kati yetu aliyekuwa akijitwisha kitu kichwani.

Mjomba alifariki mwaka 2003. Kibanda changu nimemwachia binti yangu. Mjukuu wangu mmoja sasa yuko Dar es Salaam, naye amepata kiwanda kidogo cha kumshonea magauni ya mtindo wake. Juzi alinitumia picha kwenye simu: msichana mrembo, amesimama wima, mikono imelala ubavuni. Akaniuliza, bibi, unalionaje?

Nimemwandikia kwamba ni zuri, ila kabla hajatia saini amwambie huyo msichana ainue mkono. Na akifika likizo nitalifungua sanduku nimpe lile gauni la kumi na mbili alivae mwenyewe, tuone litachanika upande gani.